Dini katika Civilization VI: Kuieneza, Kuitunza Nyumbani au Kukusanya Imani Tu

Kila anayecheza Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola zamu kwa zamu, hufika njia panda moja mapema sana, mara nyingi kabla hajawafahamu majirani zake wote: azitumie zamu za mwanzo kujenga mtaa wa ibada na kumkimbilia Nabii Mkuu, ambaye ndiye humwezesha mchezaji kuanzisha dini, au awaachie wengine habari za dini na yeye ashughulike na shule, masoko na majeshi? Miongoni mwetu wachezaji wa Uganda, kuanzia Kampala na Jinja hadi Arua, swali hili hujibiwa kwa pupa. Wapo wasemao kwamba dini ni kupoteza muda, na wapo waapao kwamba ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kumshinda kompyuta. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinachanganya vitu viwili ambavyo mchezo wenyewe umevitenganisha. Imani ni sarafu, inayokusanywa kila zamu na kununuliwa vitu. Dini ni chombo chenye mafundisho, mji mtakatifu na wahubiri, nacho kinaweza kushinda au kushindwa. Mchezaji anaweza kuwa na imani tele bila dini yoyote, na anaweza vilevile kuwa na dini inayomgharimu kuliko inavyomfaa. Kwa hiyo la kujiuliza ni imani yako unataka ikununulie nini, na jibu la hilo ndilo litakaloamua kama dini inahitajika na kwa kiasi gani.

Nazungumzia Civilization VI iliyotoka Oktoba 2016, pamoja na nyongeza zake mbili, Rise and Fall ya 2018 na Gathering Storm ya 2019. Toleo la saba, lililotoka Februari 2025, lina mvuto wake kwa Mganda, kwa kuwa Buganda imo humo kama dola la zama za kisasa, na Muzibu Azaala Mpanga, ile nyumba kuu ya makaburi ya makabaka pale Kasubi, imewekwa miongoni mwa maajabu yanayoweza kujengwa. Hata hivyo toleo hilo limeondoa sarafu ya imani pamoja na ushindi wa kidini wa aina ninayoijadili, na hesabu za hapa hazihamishiki huko.

Kiingilio

Hatua ya kwanza ni ya wote. Ukifikisha imani 25 katika mchezo wa mwendo wa kawaida, unachagua fundisho moja la miungu ya kale, na hakuna atakayeweza kulichukua baada yako. Hatua hii haihitaji nabii wala mtaa wa ibada. Kadi ya sera ya God King, inayouletea mji mkuu imani moja na dhahabu moja kila zamu, inatosha kukufikisha hapo taratibu, na ukibahatika kuwa wa kwanza kukutana na dola-mji la kidini utafika mapema zaidi (dola-mji ni dola dogo la mji mmoja lisiloshindania ushindi). Sioni sababu ya mchezaji yeyote kuikosa, hata yule ambaye hataki kuisikia dini tena mchezo mzima.

Baada ya hapo njia zinaachana, kwa sababu nafasi za dini zina kikomo. Katika ramani ya kawaida yenye madola 8, dini zinazoweza kuanzishwa ni 5 tu. Katika ramani ndogo yenye madola 6 ni 4. Na katika ile kubwa kabisa yenye madola 12 ni 7. Katika zote hizo kuna watakaokosa. Mbio zenyewe huanza kwa kuvumbua Astrology, kisha kujenga mtaa wa ibada ambao mchezo unauita Holy Site, kisha madhabahu ndani yake, na pointi za Nabii Mkuu huongezeka zamu kwa zamu. Lipo pia Stonehenge, ajabu linalomleta nabii moja kwa moja. Lakini likimalizwa na mwingine zamu moja kabla yako, hupati kitu cha maana, na katika viwango vigumu vya mchezo hilo hutokea mara nyingi kwa sababu wapinzani huanza wakiwa wametangulia.

Gharama isiyoonekana haraka ni ile ya nafasi ya mtaa. Mji huruhusiwa mtaa mmoja maalumu ukiwa na mkazi mmoja, wa pili unapofikisha wakazi wanne, wa tatu saba, na kuendelea hivyo. Kwa hiyo mtaa wa ibada ukitangulia, mtaa wa elimu unasubiri mji ukue, na jirani yako aliyeanza na elimu atakuwa na wapiga mishale wa kisasa zaidi wakati wewe bado unamngoja nabii wako. Ukiwa na jirani wa karibu mwenye tabia ya kuvamia, hesabu hii peke yake inaweza kuamua swali lote.

Kuieneza dunia nzima

Ushindi wa kidini unatimia dini yako inapokuwa ndiyo kuu katika kila dola lililobaki mchezoni, yaani inapofuatwa na zaidi ya nusu ya miji ya kila mmoja wao. Madola-miji hayahesabiwi. Sharti hili linaonekana jepesi kuliko kuiteka miji mikuu yote, na katika ramani ya watu wawili au wanne ni jepesi kweli. Katika ramani ya madola 8 ni kazi ya aina nyingine kabisa, kwa sababu dola moja lililoko kisiwani upande wa pili wa bahari linatosha kukuzuia.

Tuihesabu. Chukua mji ulio mahali pazuri sana, ambapo mtaa wa ibada umepakana na milima minne. Milima hiyo inaupa imani 4 kwa zamu, na kadi ya Scripture inazifanya kuwa 8. Madhabahu yanaongeza 2 na hekalu 4, na jumla inakuwa 14. Mhubiri mkuu, ambaye mchezo humwita Apostle, hugharimu imani 400, kwa hiyo mji huo peke yake utamnunua mmoja baada ya zamu 29 hivi. Ukiwa na miji mitatu ya namna hiyo, jambo ambalo ramani hailitoi kila mara, unapata imani 42 kwa zamu na mhubiri mkuu mmoja kwa kila zamu 10. Bei nayo hupanda kila unaponunua. Mmisionari ni wa bei nafuu, na anahubiri mara tatu, ila hawezi kuanzisha mdahalo, yaani pambano la maneno, na mhubiri wa dini nyingine. Anafaa kwa miji isiyo na dini au yenye dini dhaifu, na ni mtu wa kupotea bure akitumwa kwenye mji mtakatifu wa mpinzani. Anayetaka njia hii anahitaji mitaa ya ibada karibu katika kila mji, si katika mmoja au miwili, na hilo linarudisha tatizo la nafasi nililolitaja.

Mdahalo ndio unaoamua. Tazama zamu moja kwa karibu: wahubiri wako wakuu watatu wamesimama nje ya mji wa jirani, guru yuko nyuma yao akiwaponya waliochoka, na mhubiri mkuu wa jirani ametoka peke yake kuelekea mpakani. Unamwanza na yule wako mwenye sifa ya Debater, inayomwongezea nguvu 20 katika mdahalo. Akianguka wa jirani, miji yote iliyo ndani ya vigae 10, yaani vipande 10 vya ramani, inapoteza sehemu ya msukumo wa dini iliyoshindwa na kupata msukumo wa dini iliyoshinda, hivyo miji miwili au mitatu inaweza kugeuka bila mtu yeyote kuhubiri ndani yake. Akianguka wa kwako, mambo ni hayo hayo kinyume chake, na kazi ya zamu nyingi inaweza kuyeyuka. Ndiyo maana anayewatuma wahubiri mmoja mmoja kadiri anavyowanunua huwa anamjengea mpinzani dini yake. Wakusanye kwanza, kisha uingie nao kwa pamoja. Ukiwa mlezi wa dola-mji la Yerevan, yaani mwenye ushawishi mkubwa kuliko wote huko, unaweza kuwachagulia sifa mwenyewe, na kwa njia hii hiyo ni bahati kubwa kuliko ajabu lolote.

Wahubiri huvuka mipaka bila ruhusa ya mwenye nchi, lakini hawapiti bila chuki. Kiongozi unayemhubiria atakuomba uahidi kuacha. Ukiahidi kisha ukavunja, malalamiko yanajikusanya, na vita vikitangazwa kila askari wa kawaida anaweza kumkamata mhubiri wako aliye kwenye kigae kimoja naye na kumwondoa. Mchezaji wa njia hii asiyekuwa na jeshi la kujilinda anacheza kwa huruma ya wenzake.

Kwa nani basi njia hii inafaa? Inamfaa mwenye Urusi ya Peter, ambaye mtaa wake wa pekee, Lavra, ni wa bei nafuu na humharakisha kwa nabii, hasa akiwa kwenye ardhi ya baridi na fundisho la Dance of the Aurora, linaloufanya mtaa wa ibada upate imani kutokana na ardhi hiyo. Inamfaa pia mwenye Uarabuni ya Saladin, ambaye Nabii Mkuu wa mwisho humjia mwenyewe, kwa hiyo anaweza kujenga elimu kwanza bila wasiwasi wa kuzikosa mbio. Na inamfaa yeyote ambaye majirani zake wengi hawakupata dini, kwa kuwa mji usio na mwenye dini wa kuutetea hugeuka kwa wamisionari wachache.

Kuitunza nyumbani

Njia ya pili ni kuanzisha dini kisha kuitumia kuijenga nchi yako, bila nia ya kuifikisha kwa kila mtu. Hii ndiyo ambayo wengi huidharau na ndiyo ninayoiona kuwa na faida kubwa kuliko gharama yake kwa mchezaji wa kiwango cha kati, kwa sababu anayeishika hapotezi ushindi mwingine wowote. Anaweza bado kwenda kwa sayansi, utamaduni au diplomasia, huku dini ikimsukuma kutoka nyuma.

Siri yake iko katika fundisho la waumini, lile linaloufaidi kila mji unaoifuata dini. Chukua tena ule mji wa milima minne. Kwa fundisho la Work Ethic, ziada ambayo mtaa wa ibada unaipata kutokana na mazingira yake huhesabiwa pia kama uzalishaji, kwa hiyo zile 8 za imani zinakuja na 8 za uzalishaji. Kwa mji uliokuwa ukizalisha 10, hilo ni karibu maradufu, na linakuja wakati ambao migodi na viwanda bado viko mbali. Hakuna jengo la zama hizo linalotoa kiasi hicho.

Hata hivyo Work Ethic inategemea ardhi. Hapa Mganda anaweza kudanganyika, kwa kuwa tumezoea kuona nyumba za ibada juu ya vilima: Namirembe ina kanisa kuu la Kianglikana, Rubaga lina la Kikatoliki, Kibuli kuna msikiti, na Wabahai wana hekalu lao Kikaaya. Mchezo hauvijali vilima. Unaijali milima, maajabu ya asili na misitu. Kwa sheria zake Kampala isingepata kitu cha ajabu, ila Kasese, chini ya Rwenzori, ingekuwa mahali pa kugombaniwa. Kama ardhi yako ni tambarare na una miji mingi, Choral Music inakufaa zaidi, kwa maana inayatazama majengo badala ya mazingira: madhabahu yanaleta utamaduni 2 na hekalu 4 popote yalipo, na mwenye miji minane anaona tofauti hiyo mara moja anapofungua sera mpya. Ardhi ikiwa maskini wa chakula, kama jangwa au nchi ya baridi, Feed the World huilisha. Na anayelenga sayansi au utamaduni huku akiwa na imani nyingi asisahau Jesuit Education, inayomruhusu kununua kwa imani majengo ya mtaa wa elimu na wa sanaa, ili uzalishaji wa mji ubaki kwa mambo mengine. Fundisho likishachukuliwa halipatikani tena kwa dini nyingine, kwa hiyo anayeanzisha wa kwanza anachagua na anayeanzisha wa mwisho anapokea yaliyobaki. Ikiwa kati ya mafundisho yaliyobaki hakuna linalolingana na ardhi yako, faida ya njia hii inapungua sana.

Udhaifu wake ni ulinzi. Wamisionari wa jirani hawatakuacha kwa kuwa umeamua kukaa kimya; watakuja, na mji ukigeuka unapoteza fundisho lako na kupata la kwao. Habari njema ni kwamba miji yenyewe hutoa msukumo wa dini kwa miji iliyo ndani ya vigae 10, na mji mtakatifu hutoa zaidi, kwa hiyo nchi iliyojengwa kwa kukaribiana hujitetea kwa sehemu kubwa. Ile iliyotawanyika huvuja. Akiba ya mhubiri mkuu mmoja ni ya lazima: ukimtumia kutangaza vita dhidi ya uzushi, unaruhusiwa kununua wale ambao mchezo huwaita Inquisitor, ambao ni nafuu na hufuta sehemu kubwa ya msukumo wa dini ngeni katika miji yako. Ukilinganisha gharama hii na jeshi la wahubiri la njia ya kwanza, ni ndogo.

Kueneza kidogo hakukatazwi. Mafundisho ya mwanzilishi, kama Tithe inayoleta dhahabu kwa kila mji unaoifuata dini yako, yanalipa hata kwa miji ya kigeni na ya madola-miji. Wamisionari wachache kwa majirani wadogo walio karibu wanarudisha bei yao, na wakati huohuo wanakujengea uzio. Zaidi ya hapo unaanza kuihama njia ya pili bila kukusudia, na imani inayopaswa kununua majengo inaishia kwenye midahalo ya mbali.

Imani bila dini

Mchezaji wa njia ya tatu hakimbilii nabii kabisa. Anachukua fundisho la miungu ya kale, anajenga mtaa wa ibada pale tu milima inapomlipa, na anaitumia imani yake kama dhahabu ya pili. Wengi hawajui jinsi sarafu hii inavyonunua mengi. Katika Rise and Fall, nchi ikiingia Zama za Dhahabu na ikachagua Monumentality, inaruhusiwa kununua kwa imani raia wasio askari, na walowezi pamoja na wajenzi wanapunguziwa bei kwa asilimia 30. Miji mitatu inaweza kuzaliwa ndani ya zama moja bila mji mkuu kusimamisha ujenzi wake. Baadaye imani inawapata Watu Wakuu ambao pointi zako hazikutosha, inanunua wataalamu wa mazingira wanaofungua hifadhi za taifa, na katika Gathering Storm inanunua bendi za roki zinazokwenda kuvuta watalii nchi za watu. Kwa anayelenga ushindi wa utamaduni, akiba kubwa ya imani mwishoni mwa mchezo inaweza kumfikisha mbali kuliko ukumbi wowote wa michoro.

Ethiopia ya Menelik II, iliyoongezwa mwaka 2020, ndiyo mfano bora: miji yake iliyojengwa juu ya vilima hupata sayansi na utamaduni sawa na asilimia 15 ya imani inayozalishwa humo, hivyo imani inafanya kazi hata kabla haijatumika. Mali ya Mansa Musa nayo hununua majengo ya mtaa wa biashara kwa imani. Wote wawili wanaweza kuwa na dini, na mara nyingi watashawishika kuwa nayo, lakini hawaihitaji.

Jambo lisilofahamika vya kutosha ni kwamba asiye na dini yake anaweza kufaidi ya wengine. Fundisho la waumini linaufuata mji bila kujali mwenye mji ni nani. Jirani akikuletea Choral Music, madhabahu yako yanatoa utamaduni kama ya kwake. Kabaka Muteesa wa Kwanza angeielewa njia hii. Aliwakaribisha Waislamu waliofika na wafanyabiashara wa pwani, akawapokea wamisionari wa Kianglikana mwaka 1877 na mapadre wa Kikatoliki mwaka 1879, akawa anapata manufaa kwa kila upande bila kumpa yeyote ushindi kamili. Mizani hiyo haikudumu baada yake: mrithi wake Mwanga aliondolewa madarakani mwaka 1888, na Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo. Mchezoni pia mizani ya dini za wageni inadumu kwa muda ule tu unaoilinda.

Kuilinda ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kwa kuwa mpinzani anahitaji zaidi ya nusu ya miji yako, mwenye miji sita anamzuia kwa kuhakikisha kwamba mitatu haifuati dini yake. Mji unaofuata dini ya pili na wenye madhabahu unaweza kununua wamisionari wa dini hiyo ya pili, na hao unawatuma kwenye miji yako mwenyewe. Unacheza dini mbili za wageni moja dhidi ya nyingine, na hakuna aliyekukataza. Angalia ukurasa wa ushindi kila baada ya zamu kadhaa kuanzia zama za kati. Asiyeuangalia ndiye anayekuta mchezo umekwisha ghafla.

Kongo ya Mvemba a Nzinga haina hiari katika hili. Haiwezi kujenga mtaa wa ibada wala kumpata Nabii Mkuu, lakini hupata mafundisho ya mwanzilishi ya dini yoyote inayofuatwa na miji yake iliyo mingi, na kila inapomaliza mtaa wa sanaa au Mbanza, mtaa wake wa pekee wa makazi, hupewa mhubiri mkuu wa dini iliyo kuu katika mji huo. Ukimkuta Mvemba upande wa pili kama mpinzani, kumbuka kwamba humpenda anayempelekea dini na humchukia aliyeanzisha dini akamnyima. Mmisionari mmoja aliyetumwa kwake mapema ni zawadi ya bei nafuu kuliko ubalozi.

Upanga

Kuna njia ya nne, ambayo naipitia kwa haraka kwa kuwa ni tawi la vita. Katika nyongeza ya Rise and Fall na ile iliyofuata, jengo la Grand Master's Chapel huruhusu kununua askari wa nchi kavu kwa imani, na fundisho la Crusade huwaongezea askari nguvu 10 wanapopigana karibu na miji ya kigeni inayofuata dini yako. Unahubiri kwanza, unashambulia baadaye. Byzantium ya Basil II imetengenezwa kwa ajili hii. Kwa wengine inahitaji mambo mengi yaende sawa kwa wakati mmoja, na mwenye jeshi zuri kwa kawaida angeshinda bila Crusade.

Kuamua kabla ya zamu ya 30

Zipo sababu zisizo za kimkakati ambazo ulinganisho wa haki hauwezi kuziruka. Ushindi wa kidini unadai kusogeza watu wengi kila zamu, na katika kompyuta mpakato iliyotumika, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, zamu za mwisho za ramani kubwa huwa nzito. Umeme ukikatika si hasara kubwa, kwa kuwa mchezo unaweza kuwekwa ujihifadhi kila zamu. Hasara ni kukumbuka baada ya siku mbili kila mhubiri alikuwa akielekea wapi. Na mkicheza watu watatu kwa kompyuta moja, kwa kupokezana kiti, wenzako watakaa wakitazama ukipanga midahalo. Njia ya pili na ya tatu ni nyepesi upande huu: maamuzi ni machache na makubwa.

Kwa upande wa mkakati, nashauri kuangalia mambo matatu kabla ya kuanza kujenga mtaa wa ibada. La kwanza ni dola lako: Urusi na Uarabuni zinakusukuma kuanzisha dini, Kongo inakukataza, Ethiopia inakuachia uamuzi. La pili ni ardhi: milima mitatu au zaidi ikipakana na kigae kimoja, pamoja na jirani wa amani, ni mwito wa njia ya pili hata kama hukupanga dini. La tatu ni idadi ya wapinzani. Wakiwa mmoja hadi watatu, ushindi wa kidini ni chaguo la kweli; wakiwa saba, ufikirie tu ikiwa imani yako kwa zamu inazidi ya wote unaowaona, na ikiwa walio na dini wako bara moja nawe.

Kwa mchezaji ambaye mambo hayo hayampi jibu la wazi, ningechagua njia ya pili katika viwango vya chini na vya kati, ambako nabii anapatikana bila mbio za kukata pumzi. Katika Deity, kiwango cha juu kabisa, ningehamia ya tatu: nafasi ya mtaa wa kwanza naipa elimu, naacha wengine waanzishe dini zao, na ninangoja nione ni nani ataniletea fundisho zuri. Akija na Work Ethic na miji yangu iko chini ya milima, simzuii mpaka miji yangu inayofuata dini yake ikaribie nusu. Hapo namtafuta jirani wa pili mwenye dini tofauti, nafungua naye njia ya biashara, kwa kuwa misafara nayo hubeba msukumo wa dini, na naacha mji mmoja wa mpakani ugeuke.